Obusuma Juu ya Pistoni

Kamshafti mbili alizoleta Nasambu, zile fito za kufungulia vali za injini, zilikuwa na nundu ndefu kuliko zote nilizowahi kushika. Nilizigeuza mkononi muda mrefu. Mimi ni fundi wa magari hapa Shirere. Shule niliacha darasa la sita, lakini kazi ya nundu ndefu naijua: inasukuma vali ndani zaidi na kuiacha wazi zaidi, injini ivute hewa nyingi.

"Fundi Were, zinaingia ama haziingii?"

"Kuingia zitaingia. Swali ni kama vali zitagonga pistoni."

Nasambu huuza mbegu za mahindi mjini, na Corolla yake ya zamani huishindanisha kwenye barabara za miwa kule Kabras. Injini ilikuwa wazi mbele yetu, na hana nyingine. Vali ikigonga pistoni, vali inapinda, pistoni inatoboka, na mashindano yake yamekwisha. Alilijua hilo, na bado alizitaka. Hata mimi nilizitaka. Sijawahi kusikia injini yenye nundu kama zile.

Kupima nafasi si kazi ngumu. Unaweka kitu laini juu ya pistoni, unarudisha hedi, kile kifuniko chenye vali, unazungusha injini kwa mkono, unafungua, unaangalia kimebaki unene gani. Huwa natumianga udongo wa watoto wa kuchezea, lakini dukani ulikuwa umeisha. Namalwa, mama anayetupikia, alikuwa kando akikanda chapati. Nikamwomba donge.

"La kukula?"

"La kuweka kwa injini."

"Siku hizi injini inakula chapati? Basi na mimi mniletee petroli ninywe."

Nilipaka donge mafuta, nikafunga hedi, nikazungusha polepole. Nilipofungua na kukata kwa wembe, chini ya alama ya vali unga ulikuwa na unene wa sarafu ya shilingi.

"Inatosha," nikasema.

Nasambu hakufurahi. Alichukua kipande cha donge, akakibonyeza kwa kidole, akatoa kidole. Shimo likajaa taratibu.

"Ona, inarudi. Chapati ukiisukuma inajivuta. Unajuaje haikurudi hata huko ndani?"

Nikarudi kwa Namalwa.

"Obusuma iko?"

"Ya jana. Imeshaganda."

Obusuma, ugali wetu, hairudi. Ukiibonyeza, alama inabaki hapo hapo. Nikakata kipande, nikakipaka mafuta, tukarudia kazi yote. Safari hii, chini ya vali ya kuingiza hewa, palibaki kitu chembamba kama ganda la kitunguu.

Namalwa akachungulia. "Hiyo hata kifaranga hashibi."

"Kisumu kuna mtu anaweza kuchonga pistoni, vali ipate nafasi," nikamwambia Nasambu. "Lakini ukishachonga, hurudishi."

"Na hizi kamshafti zinaamkanga wapi?"

"Juu. Baada ya mizunguko elfu tano kwa dakika. Chini ya hapo gari litakuwa zito kuliko sasa."

Alikunja mkono huku na huku kama anayeshika usukani. "Kona. Matope. Kona. Huko juu nitafika lini?"

"Kwa ile sehemu nyoofu moja."

"Moja! Wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Ningechonga. Lakini si kwa ajili ya gari. Nataka tu kuzisikia."

Akacheka. "Afadhali umesema. Rudisha za zamani. Sasa niambie, mbona ikifika elfu sita na nusu ilikuwa inakwama?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Macho yangu yalikuwa kwenye nundu. Nilitoa springi moja ya vali, nikaisimamisha kando ya mpya niliyokuwa nayo rafuni. Ya zamani ilikuwa fupi.

"Imechoka. Kwa kasi hiyo haiwahi kurudisha vali, vali inaelea."

"Basi ugonjwa ni huo. Tutibu huo."

Tukaweka springi mpya, ngumu kidogo. Nilihakikisha hazibanani vali ikifunguka mwisho, kisha nikafunga kila kitu. Injini ilipopata moto, Nasambu akakanyaga. Mshale wa mizunguko ukapanda. Namalwa akaziba masikio. Ukafika elfu sita na nusu, ukapita bila kigugumizi, ukagusa elfu saba.

Nasambu akatoa mguu, akasikiliza injini ikishuka, kisha akakanyaga tena.