Jogoo Aliyenuka Ziwa

"Ma Alistidia, hivi wewe unafuga kuku au samaki wenye manyoya?"

Jirani yangu Kyaruzi aliniuliza hivyo mwaka jana, siku ya misa ya kumbukumbu ya marehemu mume wangu, mbele ya watu wote walioketi kula. Padri akainama, akajishughulisha na ndizi tu. Nikacheka pamoja nao, kisha nikaenda nyuma ya jiko nikalia, maana kweli nyama ilinuka dagaa. Niliisikia harufu tangu sufuria inachemka, nikaongeza vitunguu nikidhani itapotea.

Kosa lilikuwa langu. Wanangu walipokonda niliwapa dagaa, basi na kuku nikawafanyia vivyo hivyo. Nilinunua wale waliovunjikavunjika, wa kufagiwa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, nikawasaga na kuwachanganya na pumba mpaka siku ya kuchinja. Kuku wakanenepa kweli. Kumbe kuku hafichi alichokula.

Aliyenifungua macho ni Vestina, afisa mifugo wetu huku upande wa Rubya. "Mama, dagaa si mbaya, wanakuza. Ila wiki nne za mwisho waondoe kabisa. Weka soya iliyokaangwa, majani ya mlonge yaliyokauka na kusagwa, kitunguu saumu kidogo, na manjano."

Nikayaandika yote nyuma ya kalenda ya parokia. Nilipima kwa kijiko kimoja tu, asubuhi baada ya rozari na jioni kabla ya rozari, bila kuzidisha. Wiki ya nne nikamshika jogoo, nikampuliza manyoya ya kifuani. Ngozi ya njano kama ndizi iliyoiva!

Siku hiyohiyo nikampigia simu Bi Mastura wa kata ya Bakoba, mpishi wa harusi kule Bukoba mjini. Nilisikia anatafuta majogoo sitini, nami nilikuwa nao sitini na wawili.

"Kuku sinunui kwa macho," akasema. "Nitakuja kuonja."

Nikamwambia Mungu: akikubali, naendelea kufuga, akikataa, banda nalibomoa, nibaki na migomba yangu.

Alikuja Alhamisi kwa pikapu na mkwewe Hafidhi, aliyebeba kisu chake, maana ndiye wa kuchinja. Kyaruzi aliposikia gari tu, huyo, akaja bila kuitwa, fimbo mkononi.

"Nimekuja kuwasalimu samaki," akasema.

Bi Mastura akaingia bandani, akazunguka, akanyoosha kidole kwa jogoo mwekundu mwenye kilemba kilichochanika.

"Huyo."

Kati ya wote! Yule nilimkamata jana yake akirudi kupitia tundu la wavu. Nikafuata njia yake mpaka kwa Kyaruzi, kwenye turubai anakoanika dagaa wa bata wake. Na jinsi alivyoshiba, hakuwa mgeni pale.

Kunyamaza si kusema uongo, nikajiambia. Lakini amri ya nane niliikariri tangu darasa la pili, na hakuna mahali niliposoma kwamba haiingii bandani.

"Huyo hapana, Bi Mastura. Ni mtoro. Anakula dagaa kwa jirani."

Akanikazia macho. "Mbona unanichagulia? Sasa ndiyo namtaka."

"Basi chinjeni wawili. Huyo, na mwingine yeyote umpendaye. Sufuria mbili, chumvi tu."

Kyaruzi akagonga fimbo chini. "Haa! Mimi ndiye mwonjaji. Pua yangu haina urafiki na mtu."

"Kweli haina, Ta Kyaruzi. Ingekuwa na urafiki hata na wewe, ungeshamfukuza mwizi wako."

Hafidhi akachinja. Nikanyonyoa, nikakoka moto, lakini sufuria alizibandika Bi Mastura mwenyewe. Akamketisha Kyaruzi mlangoni, amezipa mgongo, asijue ipi ni ipi. Zilipoiva akamgeuza, akafunua ya kwanza.

Kyaruzi hakuhitaji hata kuonja. "Mawe, mama yangu! Huyu kavuliwa lini?"

Hafidhi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi sikucheka. Ndani ya mfuko wa gauni nilikuwa nimeshika punje moja ya rozari, haisogei.

Akafunua ya pili. Kyaruzi akapeleka pua, akairudisha, akaipeleka tena. Akanywa mchuzi. Akachukua paja, akatafuna polepole. Akafyonza mfupa, akaugeuza, akaufyonza upande wa pili.

"Sema basi, mzee!" Hafidhi akapaza sauti.

Mzee akaendelea kufyonza. Bi Mastura akachoka kungoja, akachuna kipande cha kidari, akafumba macho. Alipoyafumbua alikuwa ananiangalia mimi.

"Bi Alistidia, hii nyama laini, na ina utamu wake yenyewe. Tena ungeweza kuninyamazia kuhusu yule mtoro. Nawachukua wote sitini, na harusi ijayo nakuja kwako. Hafidhi, lete matenga!"

Nikapiga vigelegele mpaka bata wa jirani wakaitikia. Miguu ilitaka kucheza, nami nikaiachia.

"Ta Kyaruzi," nikamwambia nikihema, "sasa nijibu wewe. Ninafuga nini?"

Akanitazama. Akaitazama sufuria ya pili. Akachukua paja lililobaki, akalifunga vizuri kwenye jani la mgomba, akavaa kofia yake, akaenda nalo kwake.