Tundu Moja, Sauti ya Mama

Dada mkubwa aliigeuza kompyuta mpya ya mdogo wake pande zote. Tundu moja tu! Mkononi alishika flashi yenye maneno ya mwisho ya marehemu mama yao, na betri ilikuwa inakata roho.

"Ukitaka flashi, chaja itoke," alisema mdogo wake. "Ndiyo maendeleo, dada."

"Maendeleo gani ya mlango mmoja na wageni wawili?"

Akachomoa chaja kwa hasira, akachomeka flashi kwa kiunganishi cha kuazima. Ndugu wote waliokusanyika wakasogea karibu kusikiliza.

"Wanangu, msigombanie nyumba. Nimemwachia..."

Kioo kikazima. Dada akaipapasa chaja. Nyuma yake, kila mmoja alishaimalizia sentensi ya mama kwa jina lake mwenyewe.