Hitima ya Yasir

"Watu kadhaa wamepoteza maisha," alisema msomaji habari, na Rehana akaizima televisheni kwa hasira. Wamepoteza! Kama mtu kapoteza funguo zake kwenye basi! Kaka yake Yasir hakupoteza kitu. Alikwenda Sudan kusoma, akaoa, akabaki huko, na wiki iliyopita akapigwa risasi sokoni na watu waliokuja na pikapu zilizofungwa bunduki juu. Nani kawapa hizo pikapu? Hilo msomaji habari halimhusu. Yeye anasema "mapigano yamezuka", utadhani ni upele.

Leo walikuwa wanamsomea hitima, hapo hapo nyumbani kwa Rehana, mtaa wa Lozells, huku ughaibuni. Wanaume walijaa chumba cha mbele, kila mmoja na juzuu yake, maana dua haiombwi mpaka juzuu zote zimesomwa. Wanawake walikuwa jikoni. Mbuzi na mchele alitoa Haidari, mwenye yadi ya magari yaliyotumika kule Erdington, na Rehana alimshukuru mpaka machozi yakamtoka. Mkewe Haidari, Asmahan, alikuwa anakaanga sambusa, na mdomo wake hauna breki.

"Mwenzangu, tulikuwa hoi sisi! Basi tangu Sudan ilipochafuka, Alhamdulillahi, gari hazilali yadi. Pikapu ndiyo usiseme. Yule mnunuzi wa Dubai anazibeba zote, mbovu na nzima."

"Kutoka Dubai zinakwenda wapi?" aliuliza Rehana.

"Si huko huko Sudan! Haidari anasema wanazigombania."

Jirani yao Mwanakhamis alimkanyaga Asmahan mguu, lakini wapi, limeshatoka. Mwiko ulimponyoka Rehana. Akalisukuma pazia, akaingia kwa wanaume bila hodi.

Haidari alikuwa anamfahamisha mwenziwe habari za dunia. "Wasudani hawa hawaelewani wenyewe kwa wenyewe. Ukabila tu."

"Inuka, Haidari."

"Kuna nini, dada Rehana?"

"Pikapu zako zinakwenda Sudan?"

Haidari aliiweka sawa kofia yake. "Mimi nauza gari, siuzi bunduki. Mnunuzi akishachukua mali yake, mimi sina habari naye."

"Huna habari naye! Sisi tunazo, tunamsomea Yasir hitima hapa! Toka nyumbani kwangu. Na nyama yako toka nayo!"

Maalim Mkubwa, aliyekuwa anaongoza kisomo, aliweka juzuu yake chini. "Rehana mwanangu, una majonzi. Huyu ndiye aliyetutandikia msikiti mazulia. Usimvunjie heshima."

"Mazulia, Maalim? Mazulia?"

Haidari alitoka. Maalim akamfuata, na wengine wakajikusanya mmoja mmoja, macho chini, wakitafuta viatu mlangoni. Juzuu zilibaki mkekani, nyingi hazijasomwa hata nusu.

Basi ndiyo Yasir akose hata hitima, na aliyeivunja ni dada yake? Hapana, wallahi. Rehana alikaa pale pale alipokuwa amekaa Maalim, akaifungua juzuu yake. Mwanakhamis akaja, akachukua nyingine. Wanawake wengine wakavua aproni, wakafuata.

Nje Haidari alipiga honi. Asmahan alisimama mlangoni na mkoba wake, analia kweli kweli.

"Wallahi Rehana, sikujua."

"Ulijua, Asmahan. Ulikuwa unatusimulia."