Benchi la Akina Musoki

Kitu cha kwanza nilichokiona ni benchi. Mashine iliita, "Musoki, chumba ya mbili," na wanawake watatu wakasimama kwa pamoja. Wote walikuwa wamekaa upande mmoja. Benchi likainuka upande wao, na mzee aliyebaki kwenye ncha ya pili akateremka nalo polepole mpaka sakafuni, kofia yake mkononi.

Nilikuwa napiga deki. Niliacha kitambaa ndani ya ndoo nikamsaidia kuinuka. Wale wanawake walikuwa bado wanatazamana.

"Ni mie," alisema wa kwanza.

"Na mie niko nani, kasuku?" alijibu wa pili.

Watu wakacheka. Wa tatu, mama mnene mwenye mtoto mgongoni, hakucheka. Alinyoosha kidole kwenye spika iliyo ukutani.

"Ule binti wa mu machine, mama yake hakumufundishaka. Anaita batu bakubwa kama vile anaita mbuzi. Mie ni Mama Josaphat. Mutu yote wa Mudzipela anajua."

Niliinama juu ya ndoo yangu. Yule binti wa ndani ya mashine nilikuwa mimi.

Hakuna aliyejua isipokuwa Stéphane, kijana aliyetengeneza programu ya kuita wagonjwa katika zahanati yetu. Ameiandika kwa Java, lugha ya kompyuta. Yenyewe inakaa ndani ya ordinateur, kompyuta moja ya ofisini, na wauguzi wanaifungua kwenye simu zao, kila mmoja chumbani kwake. Muuguzi akimaliza na mgonjwa anafinya kitufe, na spika ya barazani inamwita anayefuata. Mwanzoni iliita kwa Kifaransa, kwa sauti ya mwanamume fulani wa mbali, na wamama waliotoka kijijini Bogoro walibaki wamekaa wakimsikiliza kama redio. Stéphane akatafuta sauti ya Kiswahili. Wauguzi walijaribu, lakini mmoja alicheka kila mara na mwingine alipiga kelele. Siku moja alinisikia nikiimba peke yangu katika chumba cha mablanketi.

"Alliance, weye njo sauti yenyewe natafuta," alisema.

Nikatikisa kichwa.

"Hakuna mutu atakuona."

Ni neno hilo lililonifanya nikubali. Tulirekodi humo humo kati ya mablanketi, mlango umefungwa. Watu hawakuitambua sauti yangu kwa sababu hawakuwa wameizoea. Mimi ni mtu wa "ndiyo" na "hapana". Shule niliiacha mwaka wa nne, tulipohama kutoka Butembo kuja huku. Mwalimu mpya aliniambia nisome mbele ya wenzangu, nikasimama na kitabu mpaka darasa likachoka kunitazama, na kesho yake sikurudi. Mama yangu, anayeuza samaki wa Mahagi sokoni, huwaambia jirani zake, "Uyu wangu, Mungu alisahau kumuwekea kinywa." Hasemi kwa ubaya. Nao hucheka, nami nacheka kidogo.

Siku ile ya benchi, Priscille, muuguzi mkuu wetu, alitoka chumbani mwake akamkuta mzee bado anajipangusa suruali. Akamwita Stéphane.

"Stéphane, mwanangu. Nakupa mpaka siku ya samedi. Kama banasimama tu ovyo, ile sauti itoke. Turudie kuita na kinywa kama zamani."

Nilitaka sauti ile ibaki. Sijui kama niliwahi kutaka kitu namna hiyo. Kila asubuhi nilipopita na ndoo yangu na kusikia ikiita, na mtu akiinuka kwa sababu yake, nilitembea vizuri zaidi.

Stéphane aliniita ofisini. "Weye uko pale siku yote. Bamama banasema nini? Niambie yote, ata matusi."

Nilimwambia. Nilisema nikitazama ukuta, lakini nilimaliza. Nilimwambia habari ya mbuzi, na habari ya Mama Josaphat.

Aliguna. Hakuhitaji kufafanuliwa, maana yeye pia ni Mnande kama mimi. Kwetu jina linafuata mtoto amezaliwa wa ngapi kati ya ndugu zake, kwa hiyo akina Musoki ni wengi kama mvua. Na mwanamke akishazaa, jina lake la utoto linabaki kwa wazazi wake. Watu wengine wote wanamwita kwa mtoto wake wa kwanza.

"Na jina ya mutoto wa kwanza iko mu kadi zote," alisema. "Ni mie niliambia programu itumie ingine."

Akafungua faili ya mipangilio ili nami nione. Vitu vilikwenda viwili viwili, juu jina la mpangilio, chini yake kilichochaguliwa. Niliweza kusoma. Lugha, kiswahili. Sauti, alliance. Lilikuwa jina langu, kwa herufi ndogo, limekaa pale kimya. Chini zaidi: wito, jina. Stéphane alifuta neno "jina" akaandika "mzazi". Akahifadhi, akaegemea kiti, tukasikiliza.

"Mbambu, chumba ya moya," ikaita spika. Tukasikia benchi likilia na watu wakicheka.

Stéphane alijipiga paji la uso. "Mie mujinga! Hii programu inasoma mipangilio yake wakati inaamka tu. Ikishaamka, unaweza kubadilisha faili mpaka uchoke, haiangalie tena."

"Si tuiamshe upya?"

"Nikiizima sasa, mulolongo yote inapotea. Bamama batanikula mubichi."

Tukangoja mgonjwa wa mwisho aende. Wakati wa kungoja tulirudi kwenye mablanketi, kwa kuwa, kumbe, hata sauti zilizohitajika hazikuwepo bado. Nilisema "Mama", nilisema "Papa", kisha majina ya watoto yaliyo katika kadi, Josaphat, Nadège, Yannick, Elodie, kila moja taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto. Tulipofika kwenye jina langu mwenyewe, lililo katika kadi ya mama yangu, sauti ilitetemeka. Nikarudia, ikatetemeka tena. Stéphane alidhani ni waya, akabadilisha waya.

Jioni akaizima programu, akaiwasha. Aliongeza pia mpangilio mwingine, ili iwe inaamka yenyewe mara ordinateur inapowashwa, isingoje kuamshwa na muuguzi wa kwanza atakayefinya.

Jumamosi, siku ya mwisho aliyoitoa Priscille, Mama Josaphat alirudi na mtoto wake. Nilipiga deki mahali pale pale palipokwisha kuwa safi.

"Mama Josaphat, chumba ya mbili."

Alisimama peke yake. Benchi halikutikisika. Alinyoosha kitenge chake, akatazama kulia na kushoto ili wote waone ni nani aliyeitwa.

"Eee! Sasa amepata adabu."

"Banamuchapa jana mangaribi," alisema mwanamke mwingine.

"Bamuchape nini! Mama yake amemukanya."

Priscille alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Alisikiliza majina mengine mawili matatu, kisha akamwambia Stéphane, "Ibaki," akarudi kazini.

Mama yangu alikuja baadaye, mwezi wa mvua nyingi, kupimwa tension, presha ya damu. Hakuniona, nilikuwa nyuma ya mlango na fagio.

"Mama Alliance, chumba ya moya."

Aliinua kichwa. Hakusimama mara moja. Alibaki akiitazama spika mpaka jirani yake akamgusa bega.

Nyumbani, tukiwa tunachambua sombe, majani ya muhogo, aliniambia, "Ule binti wa pale kwenu anaita muzuri. Sauti yake ni kama ya mama yangu, siku alikuwa anatuita kutoka shamba. Ni wa wapi?"

Nilisema, "Wa huku huku, Mama." Nikaendelea kuchambua.

Mama, ni mimi. Jina lile lilinishinda mara nyingi kuliko majina yote, na waya haukuwa na kosa. Ni kwa sababu nilijua kwamba siku moja utakuwa umekaa pale, nami nitakuita mbele ya watu.