Mkwe Aliyefika Yerusalemu

Shitanda aliposimulia Yerusalemu kanisani kwa mara ya tatu, niliamua kwamba hajawahi kufika huko.

Mara ya kwanza nilimwamini kama kila mtu. Ilikuwa mwaka 1946, vijana wetu walikuwa wanarudi kutoka vitani, na sisi wa kanisa la Marafiki hapa Eldoret tulikuwa na hamu ya kumsikia mtu aliyekanyaga ardhi tunayoisoma kila Jumapili. Alisimama mbele na koti lake la jeshi, akatuambia kuhusu kanisa lililojengwa juu ya kaburi la Bwana, ukuta ambao Wayahudi huenda kuulilia, na ile nyumba ya ibada ya Waislamu yenye kuba kubwa. Wanawake walifuta machozi. Kisha akampa Mzee Walubengo, karani wa mkutano wetu, chupa ya maji ya Mto Yordani. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akabaki nayo hapo bila kujua aiweke wapi, kwa sababu sisi Marafiki hatubatizi kwa maji.

Mara ya pili niligundua maneno ni yale yale. Mara ya tatu niliyafuata kwa midomo, kama watoto wangu wa darasa la pili wanavyofuata hesabu za kuzidisha. Hakuongeza kitu, hakupunguza kitu. Hakuna jua lililomchoma, hakuna mtu aliyemsukuma, hakuna aliyemwuzia chai mbovu. Mtu akienda Turbo tu kutafuta mahindi anarudi na malalamiko ya wiki nzima. Huyu amefika Yerusalemu na hana lalamiko hata moja?

Ningeyaacha hayo kama asingekuwa anataka kumwoa binti yangu Kavetsa. Nia yao ilikuwa imeshatangazwa kanisani Jumapili mbili. Ikitangazwa ya tatu bila pingamizi, mambo yamekwisha. Baba yake Kavetsa alikuwa karani wa kiwanda cha mbao kule Kaptagat, na aliniandikia mistari miwili: "Wewe ndiye uko karibu, wewe ndiye unaona. Utakachoamua nitakubali." Wanaume wana namna yao ya kukutwika mzigo na kuuita heshima.

Hofu yangu haikuwa Yerusalemu yenyewe. Jirani yangu Nanzala alimwoza binti yake kwa askari mwezi wa pili. Mwezi wa tano mwanamke mwingine alishuka kwenye lori mbele ya nyumba yao na watoto wawili na godoro, akauliza mumewe yuko wapi. Mtu anayeweza kulidanganya kanisa zima kuhusu mji mtakatifu, kunidanganya mimi kuhusu mke ni kazi ndogo.

Alhamisi nilikwenda kwa Mzee Rehani, Mnubi aliyekuwa akishona nguo barazani mwa duka la Mhindi. Yeye pia alikuwa jeshini upande ule.

"Mzee Rehani, ulifika Yerusalemu?"

"Nilifika, Mwalimu. Nilikuwa fundi wa nguo wa kikosi. Unataka kwenda? Ni mbali."

"Kuna mtu anasema alifika. Nataka kujua nimwulize nini."

Aliacha kukanyaga cherehani, akanitazama juu ya miwani. "Ahaa. Mkwe."

"Bado hajawa mkwe."

"Basi usimwulize aliona nini. Alichoona kiko kwenye picha, zinauzwa kila kona kule, bahasha nzima. Mwulize alifanya nini na kofia na viatu. Kwa Waislamu unavua viatu. Kwa Wayahudi pale ukutani unafunika kichwa. Kwa nyinyi Wakristo, kaburini, mwanamume anavua kofia. Siku moja tu hiyo, nilivaa na kuvua mpaka nikachoka. Hakuna aliyefika akasahau."

Nilimshukuru. Akasema kama arusi ipo, suti ya bwana arusi aishone yeye.

Jumamosi mchana nilimwalika Shitanda. Nilipika ugali na kuku, kwa sababu mtu mwenye njaa hujibu kwa kifupi. Alileta sukari, akakaa kwa adabu, akasifia harufu ya mboga. Kavetsa alikuwa anamwaga maji ya kunawa nilipouliza.

"Shitanda, ulipoingia kwenye ile nyumba yenye kuba, ulifanya nini na kofia yako?"

"Nilivua, Mama. Nyumba ya ibada, lazima uvue."

"Na pale ukutani?"

"Pia nilivua."

"Na viatu?"

Kavetsa aliweka birika chini. "Mama, maswali gani haya?"

"Nimeuliza viatu."

Shitanda aliitazama mikono yake yenye maji. Alipoanza kuongea, sauti yake haikuwa ile ya kanisani. Alikuwa anatafuta maneno.

"Viatu... viatu walivua. Vilikuwa jozi kumi na tisa. Najua kwa sababu mimi ndiye nilivilinda. Sajenti aliniambia, 'Wewe Mkabrasi, kaa hapa, viatu vya serikali vikipotea utalipa.' Asubuhi nililinda lori nje ya ukuta wa mji, wenzangu wakaenda kaburini na kule kwa Wayahudi. Mchana wakaniita mlangoni kwa Waislamu nikae na viatu. Nilipita mjini mbio, macho kwenye visigino vya sajenti nisipotee. Kulikuwa na harufu ya punda na mkate. Jozi moja ilikuwa inanuka mpaka mzee mmoja wa pale akaniletea kiti nikae mbali kidogo. Halafu tukapanda lori. Ndiyo Yerusalemu yangu, Mama. Mengine nilinunua picha."

Hapo nikamwamini. Hakuna anayejitungia kiti cha kukaa mbali na viatu vinavyonuka.

"Kwa nini hukusema hivyo kanisani?"

"Mzee Walubengo alinisimamisha mbele ya watu mia moja. Ningesema nililinda viatu?"

"Ungesema."

"Sawa, Mama."

Sasa nilikuwa nimeisikia sauti yake ya kweli, nikaona nisiiache ipoe. "Una mke?"

Alijikuna shingo. Nikajua kuna kitu.

"Nilikaa na mwanamke kule Gilgil. Tulipokuwa tunasubiri kuachiliwa na jeshi. Miezi saba... minane. Hatukuoana. Anaitwa Sarah, anafua nguo za watu karibu na stesheni. Nilipoondoka tuliagana."

Nilimgeukia Kavetsa nimshike, nikidhani ataanguka. Alikuwa amesimama vizuri kabisa, ananitazama kwa hasira.

"Alishaniambia, Mama. Tangu mwezi wa nne."

"Alikuambia kama kuna mtoto?"

"Alisema hakuna."

"Alisema."

"Wewe huwezi kumwamini mtu hata akivuliwa ngozi!"

"Akivuliwa ngozi nitaangalia ndani," nikamwambia. "Kula, chakula kinapoa."

Jumapili tulikaa kimya kama ilivyo kawaida yetu. Kisha Mzee Walubengo akatangaza nia ya Shitanda na Kavetsa kwa mara ya tatu, akauliza kama kuna pingamizi. Nilisimama. Nilisema sina pingamizi, ila naomba jambo lisimame wiki mbili.

"Sababu, Mama Kavetsa?"

Sikuwa nimejua nitasema nini mbele ya watu. Shitanda aliniokoa, au alijiokoa. Alisimama nyuma akaeleza mwenyewe, viatu na mwanamke wa Gilgil, bila kuruka kitu. Minong'ono ikapanda. Mtu mmoja akauliza kwa sauti, "Na maji ya Yordani je?"

"Nilinunua kwa mama mmoja langoni. Sijui aliyachota wapi."

Watu walicheka, hata Mzee Walubengo. Mimi sikucheka. Mtu akikiri mambo mawili watu husahau kumwuliza la tatu. Wiki mbili zilikubaliwa.

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Jumatatu nilifunga safari ya Gilgil. Kavetsa hakunisemesha, lakini alinifungia viazi na mayai, na alivifunga vya watu wawili. Shitanda alinibebea kikapu hadi stesheni. Aliniambia nyumba ya Sarah iko upande gani wa reli, mlango wa rangi gani, na kwamba nitamkuta vizuri asubuhi kabla hajaenda mtoni. Alikuwa anatafuta maneno, na hilo nililiona. Lakini mtu anaweza pia kujifunza kutafuta maneno.

Nilikata tikiti mbili za daraja la tatu. Treni ilipoingia akaniwekea kikapu ndani, akanyoosha mkono kuniaga.

"Safari njema, Mama. Msalimie."

"Utamsalimia mwenyewe," nikasema. "Panda."

"Mimi? Leo niko kazini, Mama!"

"Jana jioni nilimwomba bosi wako ruhusa. Panda, Shitanda. Nikifika peke yangu nitakuta umeshamtumia Sarah telegramu ya kumfundisha la kusema."

Alitazama tikiti, akanitazama mimi, kisha akapanda. Alikaa mbele yangu karibu na dirisha, nami nikaweka kikapu kati yetu na mlango.