Kitabu cha Kukaguliwa kwa Sauti

Wateja wangu wananiita Daktari, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli, nami nimelipokea jina hilo bila kuchagua nani alimaanisha nini. Duka langu la vitabu ni chumba kimoja, benchi moja, na kaunta ambayo mguu wake mfupi umewekewa kamusi isiyotakiwa tena na mtu. Hutoki humo na kitabu kabla sijakuhoji. Mtoto mdogo namuuliza anaogopa nini. Kijana namuuliza nani amemuudhi, maana lazima yupo. Mtu mzima namuuliza alicheka lini mara ya mwisho, na hapo wengi hutazama dari kana kwamba jibu limebandikwa huko. Wakishajibu, nanyoosha mkono kwenye rafu. Huwa sikosei. Siku nikikosea, nakosea kwelikweli.

Fundi wa friji aliingia mchana mmoja akiwa ametanguliwa na dada yake mkubwa. Huyo fundi namjua. Karakana yake iko mtaa wa nyuma, na mkewe alikuwa mteja wangu mpaka alipofariki mwaka jana. Mwanamke yule alikuwa akimsomea binti yao kila jioni, na kila mhusika alimpa sauti yake. Alikuwa akizijaribu sauti hizo hapahapa kwenye kaunta, akatuvunja mbavu sote. Tangu msiba, binti hakuwahi kukanyaga dukani.

"Tunataka kitabu cha maadili," dada mtu alisema. "Cha msichana wa miaka kumi na minne aliyeamua kuwa bubu kwa kupenda kwake."

"Maadili siuzi, dada yangu. Nauza vitabu." Nikamgeukia fundi. "Nani amemuudhi?"

"Hakuna aliyemuudhi," dada mtu akajibu kwa niaba yake. "Hakosi kitu. Shule zikifungwa mimi shangazi yake namchukua akae kwangu moja kwa moja, apate malezi ya mwanamke. Kitabu ni cha kumtuliza mpaka hapo."

Fundi alikuwa akijisugua kidole kana kwamba kina grisi, na hakikuwa nayo. "Ni mimi," akasema. "Baada ya msiba nilitia vitu vyote vya mama yake kwenye maboksi nikavigawa. Nguo, vitabu, hata miwani. Nilishindwa kuviangalia. Mtoto karudi kutoka shule, kakuta kabati tupu. Tangu hapo ananijibu ndiyo, hapana na sawa. Basi."

"Na wewe unataka aende?"

"Sitaki. Lakini nimzuieje mtu ambaye hata kuzungumza na mimi hataki? Yeye mwenyewe hajasema kama anataka kubaki."

Nilimwonea huruma, na mimi huruma ikinishika huwa mkali zaidi. Nikatoa rafuni riwaya ya mpishi wa bweni, mwanamke mkaidi anayemsaka mwizi wa masufuria huku akimtuhumu kila mtu, mpaka mkuu wa polisi. Niliisoma zamani, nikacheka hadi majirani wakaja kuuliza kuna nini.

"Hiki kinamfaa," nikasema. "Ila kitabu cha kijana hakimfikii mkononi bila mzazi kukikagua. Chote. Na ukaguzi wenyewe ni wa sauti."

"Wa sauti?" fundi akashangaa.

"Macho hupitiwa. Neno baya macho yanaweza kuliruka, masikio hayaliruki. Sura moja kila jioni, baada ya chakula, ukiwa sebuleni."

Sheria hiyo niliitunga papo hapo, nikiwa nakifunga kitabu kwenye karatasi. Nyumba yao nilishaingia wakati wa msiba, na nilijua kwamba kati ya sebule na chumba cha binti kuna ukuta wa mbao tu. Fundi alilalamika kwamba mara ya mwisho kusoma kwa sauti ilikuwa darasani na alichekwa. Lakini dada yake, ambaye anapenda chochote kinachoitwa ukaguzi, alimkatiza. "Fanya unavyoambiwa. Huyu ndiye anayeijua kazi."

Siku zikapita. Nilipomwona fundi akipita na baiskeli, friji ndogo imefungwa nyuma, nilimuuliza ukaguzi unaendaje. "Bado sijaona neno baya, Daktari," akasema, na mdomo wake ukawa unapigana na kicheko. "Ila huyo mpishi hana adabu hata kidogo." Nikamwambia aendelee kukagua. Nilijisifu siku nzima, sioni haya kusema.

Kisha binti mwenyewe akaja, na sare ya shule na begi mgongoni. Akaniamkia, nikamwitikia. Alisimama palepale mama yake alipokuwa akisimama.

"Nataka kitabu anachosoma baba."

"Cha nini, na yeye bado anakisoma?"

"Anakisoma vibaya. Mpishi anamsoma kama tangazo la kukatika kwa umeme. Mwizi na polisi kawapa sauti moja, mtu hujui nani anamkimbiza nani."

Nilitamani kucheza kwa furaha. Nikajifanya hamnazo, nikapanga kalamu. "Kumbe unasikiliza."

"Ukuta ni wa mbao. Nitafanyaje?" Kisha akakaza uso. "Na ameruka sura. Juzi mama wa mpishi alikuwa jikoni anamgombeza mwanawe. Jana mpishi amevaa miwani ya mama yake, na watu wote wanazungumza naye polepole. Kuna kitu kimetokea hapo katikati, na baba hakukisoma."

Sura hiyo nilikuwa nimeisahau kabisa. Katikati ya vichekesho vyote vile, mama wa mpishi anafariki na kuzikwa, na mpishi anabaki na miwani yake. Mimi nilikisoma kitabu mama yangu akiwa hai, nikaipita sura hiyo kama mtu anavyopita kwenye msiba wa watu asiowajua. Nikabaki na kicheko tu kichwani. Sasa nilikuwa nimeitia mikononi mwa mtu aliyeshindwa hata kuitazama miwani ya mkewe.

Chini ya kaunta nilikuwa na nakala nyingine. Ilikuwa kazi ya kuinama tu. Lakini ningemuuzia, angekwenda kuisoma peke yake, mlango umefungwa, na ule ukuta wa mbao ungegeuka zege. Nikapiga moyo konde.

"Nakala ilikuwa moja," nikamdanganya. "Nenda kamwambie baba yako ameruka."

"Mimi siongei naye."

"Basi hutajua kilichotokea."

"Wewe ni daktari gani sasa?" akasema, akatoka. Mlango aliufunga kwa nguvu mpaka kibao changu cha KARIBU kikaanguka chini. Sikukiinua haraka. Niliogopa, nasema kweli. Niliogopa kwamba nimemfungia mtoto mlango wa mwisho uliokuwa wazi.

Siku ya shule kufungwa, shangazi alikuja na begi la safari, peke yake. Akaketi kwenye benchi bila kukaribishwa.

"Binti yuko wapi?" nikauliza.

"Kakataa. Kaniambia mbele ya baba yake, 'Siwezi kwenda, shangazi. Baba hajamaliza kitabu, na akiachwa peke yake anaruka.'"

Akanieleza kwamba alifika jana, akapewa kitanda chumbani kwa binti. Baada ya chakula, mdogo wake alifungua kitabu. Binti akatoka chumbani, akasimama mbele yake, akamwambia, "Umeruka." Fundi akasema anajua, akamkabidhi kitabu kikiwa wazi penye sura ile. "Hii siwezi, mwanangu."

"Basi mtoto akaketi, akamsomea baba yake," shangazi akaendelea. "Kwa zile sauti za mama yake, Daktari. Zilezile. Mdogo wangu alilia akashindwa hata kushika kikombe, na mtoto hakuacha kusoma. Alipomaliza akamwambia, 'Uliigawa miwani ya mama.' Akajibu, 'Nilikosea. Niliogopa.' Mtoto kamrudishia kitabu, kasema, 'Kesho soma wewe. Na mwizi usimpe sauti ya polisi.' Nimeshakwenda kulala, nikawasikia wakirudia sura ya nyuma, ile ya mpishi kumpekua mkuu wa polisi, maana baba mtu aliiharibu."

Furaha ilinijaa, nikaanza kujipongeza kwa sauti. Kisha nikaona kwamba mwenzangu hajipongezi. Zipu ya begi lake haikufungwa vizuri, na shuka jipya la maua lilikuwa likichungulia nje, bado lina karatasi ya dukani.

"Nilimletea alione," akasema alipoona ninalitazama. "Chumba nimeshapaka rangi." Akalisukuma shuka ndani. "Na mimi nipe kitabu hicho. Nimekikuta katikati, mwanzo siujui."

Sheria ni sheria. "Ulicheka lini mara ya mwisho?"

Hakutazama dari. "Jana, nyuma ya ukuta. Kabla ya hapo sikumbuki."

Nikainama, nikatoa ile nakala ya chini ya kaunta. Akaipokea, akaipima mkononi, wala hakuifungua.

"Hiki si cha kusoma kwa sauti?" akauliza. "Kwangu nitamsomea nani?"

Maswali huwa nauliza mimi. Hilo liliniingia. Nikasimama nikiwa nimempa mgongo, kama mtu anayetafuta kitu, mpaka nikakipata kweli. Kilikuwa kitabu cha pili cha mpishi yuleyule, kinachoanzia pale cha kwanza kinapoishia. Nikamwekea juu ya begi.

"Hiki nacho nenda nacho. Wale wawili wakimaliza cha kwanza watanijia mbio kutaka cha pili. Nitawaambia nakala ni moja tu, iko kwa shangazi, kwenye chumba kilichopakwa rangi. Likizo bado ndefu."

Nyuma yangu rafuni nakala nyingine za kitabu hicho cha pili zilikuwa zimejipanga, nikasogea kuzifunika kwa mgongo. Shangazi alishaziona. Akavaa miwani yake, akafungua ukurasa wa kwanza wa kile cha kwanza, akasafisha koo, akaanza kumsoma mpishi kama tangazo la kukatika kwa umeme. Kumbe usomaji huo ni wa ukoo. Nikavuta kiti nikamsikiliza.