Karanga Kumi za Mama

Wazo la vikombe lilikuwa la Nasma mwenyewe. Alilipata kwenye semina ya wafanyabiashara pale mjini: ukiwa na vigezo vingi vinavyogombana, kwanza mkubaliane uzito wa kila kimoja, ndipo muwapime watu. Baba yao alikuwa amefariki, na kilichobaki kuamuliwa ni nani ashike duka la vitambaa, yeye au kaka yake Amiri.

Akapanga vikombe vitatu vya kahawa chumbani, kwao Nkuhungu: uzoefu, elimu, na safari za kufuata mzigo Dar. Mama, dada Adija na baba mdogo Abdulswamadu walipewa karanga kumi kila mmoja, wakaingia mmojammoja kuzigawa wapendavyo. Kikombe chenye karanga nyingi ndicho kigezo kizito. Wanaopimwa wasiguse hata moja; hilo nalo alilisema yeye, kwa kutaka haki ionekane.

Kwa uzoefu hakuwa na mpinzani. Miaka kumi na minne alipima vitenge na kubembeleza wateja, huku Amiri akisoma na kuhamahama. Baba mdogo angetupa zake zote kwenye elimu, hilo hata paka wa nyumbani alilijua. Adija alimwapia kwamba zake zote ni za uzoefu. Na Mama? Mama wa kuombwa?

Karanga zikahesabiwa. Elimu, ishirini. Safari, hakuna kitu. Uzoefu, kumi.

Nasma akamgeukia dada yake. "Dada, uliniapia."

Adija akamtazama Mama.

"Mwache mwenzio," Mama akasema. "Kumi hizo ni zake."

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa kwamba za Mama zilikwenda kwenye elimu, alihisi kusalitiwa kuliko alivyowahi kuhisi maishani, na aliyemsaliti ndiye aliyemzaa.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mwanangu. Amiri akikosa duka ataondoka tena. Wewe hata ukikosa, najua hutaniacha. Kesho umfungulie, umwelekeze kazi."

Nasma akafungua kinywa aseme kwamba safari hii ataondoka yeye, na asirudi. Adhana ya alasiri ikaanza. Mama akajikongoja kuinuka kwenda kutawadha, na kabla Nasma hajasema neno, mkono wake mwenyewe ulikuwa umeshamshika Mama kiwiko.